Mwenye Mbwa Yuko Wapi?

Katika miaka ya karibuni umezuka huko Ulaya na Marekani mtindo wa vitabu ambao kwetu bado ni mgeni. Ni vitabu vya mbwa aliyeokolewa ng'ambo. Mtu wa nchi tajiri husafiri hadi nchi ya mbali kwa ajili ya vita, mashindano au matembezi. Huko hukutana na mbwa mchafu, mwenye njaa na vidonda. Mbwa humfuata, naye humhurumia. Na baada ya taabu nyingi za vibali na ndege, wote wawili huwasili nyumbani kwa mtu yule. Mwanajeshi wa Marekani, Jay Kopelman, alitoa From Baghdad, with Love mwaka 2006, kuhusu mbwa aitwaye Lava aliyepatikana Fallujah wakati wa vita vya Iraki. Mwaka 2017 Dion Leonard alitoa Finding Gobi, kuhusu mbwa mdogo aliyemfuata katika mbio za jangwani nchini China mwaka 2016 na hatimaye akafikishwa Edinburgh, Uskochi. Katikati ya hivyo viwili kuna kitabu cha Mswidi Mikael Lindnord, Arthur: The Dog Who Crossed the Jungle to Find a Home, cha mwaka 2016, ambacho mwaka 2024 kiligeuzwa kuwa filamu iitwayo Arthur the King.

Nimechagua kukihakiki hiki cha mwisho, pamoja na filamu yake, kwa sababu mbili. Kwanza, ndicho kilichotufikia hapa Iyunga, kikatazamwa na watu wa kila rika, nami nikasikia walivyokipokea. Pili, mimi mwenyewe naishi na mbwa wa namna hiyo, aliyeokolewa ng'ambo na kuletwa Mbeya kwa ndege na gari. Mhakiki aghalabu huhukumu kazi kwa kuilinganisha na kazi nyingine. Mimi nitailinganisha pia na yule alalaye barazani kwangu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mwaka 2014 yalifanyika nchini Ecuador mashindano ya dunia ya mbio za nyika, ambamo vikundi vya watu wanne hukimbia, huendesha baiskeli na kupiga makasia kwa siku kadhaa, milimani na msituni. Lindnord alikuwa kiongozi wa kikundi cha Uswidi. Siku moja, wakati wa kula, alimrushia mbwa mmoja kipande cha nyama. Tangu hapo mbwa yule hakuwaacha. Aliwafuata katika matope na miinuko hadi walipofika mahali pa kuingia majini. Walishauriwa wamwache, kwa kuwa ingekuwa hatari kwake na kwao. Waliposukuma mitumbwi, mbwa akajitosa na kuogelea nyuma yao, nao wakamwopoa. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko; huyu aliuona mtumbwi ukamtosha. Mwisho wake alitibiwa, akapewa jina la Arthur, akasafirishwa hadi Uswidi, akakaa karantini miezi kadhaa, kisha akaishi na familia ya Lindnord mpaka alipokufa mwaka 2020.

Filamu, iliyoongozwa na Simon Cellan Jones, imebadili mengi. Mswidi amekuwa Mmarekani aitwaye Michael Light, anayeigizwa na Mark Wahlberg. Ecuador imekuwa Jamhuri ya Dominika. Mabadiliko ya namna hii ni haki ya msanii, nami sina ugomvi nayo. Hata hivyo msomaji ayaweke akilini, maana nchi inayoweza kubadilishwa na nyingine bila hadithi kutetereka ni nchi ambayo hadithi haikuwa na haja nayo sana.

Nianze na sifa. Filamu hii haimpi mbwa maneno ya kibinadamu, kama zifanyavyo filamu nyingi za wanyama. Anabaki mbwa. Twamwona akinusa, akichechemea, akisubiri. Aidha, kiini cha kisa ni uamuzi wa mbwa mwenyewe. Hakuna aliyemfunga kamba. Yeye ndiye aliyefuata. Hapo hadithi ya Lindnord inakutana na hadithi yetu ya kale, ambayo inasimuliwa kwa namna mbalimbali katika makabila mengi ya Afrika. Mbwa na ndugu yake wa porini walikuwa wakitetemeka kwa baridi. Mbwa akatumwa kuomba moto kwa binadamu. Alipofika akapata joto, akapata mifupa, akasahau kurudi. Ndugu yake bado analia usiku huko porini, akimwita. Tunaoishi chini ya Loleza, ambako mwezi Juni na Julai huwezi kutoka asubuhi bila sweta, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mbwa alibaki mekoni.

Lakini angalia tofauti. Katika hadithi yetu wapo watatu: mbwa, binadamu aliyempokea, na ndugu aliyeachwa nyuma akiita. Katika hadithi ya Lindnord wapo wawili tu. Huyo wa tatu ndiye ninayemtafuta katika uhakiki huu.

Filamu tuliitazama nyumbani kwangu, katika kompyuta ya mjukuu wangu, watu wapatao kumi. Kijana mmoja alijitolea kutafsiri kwa sauti, akiiga mtindo wa marehemu Lufufu, yule bingwa wa kutafsiri filamu za kigeni vibandani. Watoto walishangilia nyama iliporushwa. Mbwa alipojitosa majini wote tulinyamaza, hata mtafsiri. Ndipo mama mmoja jirani yangu, mfugaji wa kuku, ambaye alikuwa akichambua mchele muda wote huo, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mwalimu, samahani. Kwani mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mwenye mbwa. Mbwa mkubwa hivyo alilelewa na nani?"

Vijana walicheka. Mtafsiri akamjibu kwamba huyo ni mbwa wa mtaani, hana mwenyewe. Mama akasema, "Haya," kwa ile sauti ya mtu asiyeridhika, akaendelea na mchele wake.

Kwa maoni yangu swali lile lina uzito kuliko yote yaliyosemwa jioni hiyo. Hapa Iyunga mbwa hufunguliwa asubuhi, au hakufungwa kabisa. Hupita buchani, hupita kwenye jalala la soko, huvuka barabara kuu ya kwenda Tunduma kwa akili kuliko wapanda pikipiki, na jioni hurudi kwao. Hana mkanda shingoni. Mbavu zinahesabika. Ana kovu la kugombana. Mgeni akimwona atasema ameachwa, ilhali kila mtoto wa mtaa anajua ni mbwa wa nani na anaitwaje. Wataalamu waliochunguza kichaa cha mbwa katika vijiji vya nchi yetu walikuta hali hiyo hiyo: wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe. Ndiyo maana kampeni za chanjo huweza kufaulu, kwani ukitangaza siku na mahali, watu huja wakivuta mbwa wao kwa kamba, na wengi wanaowaleta ni watoto.

Na kumbe swali la mama yule liliwahi kuulizwa huko huko Ecuador. Habari za Arthur zilipoenea duniani, alijitokeza mtu akidai kwamba mbwa yule ni wake, tena ana jina jingine. Sisemi dai lile lilikuwa la kweli. Mbwa alikuwa na majeraha mabaya, na mwenye kuacha mbwa aoze mgongo hana la kujitetea. Ninachosema ni kwamba dai lile ni sehemu ya kisa, tena sehemu yenye uzito kuliko milima yote iliyopandwa. Filamu imelifuta. Badala yake inatuonyesha mbwa akizurura peke yake katika mitaa ya Santo Domingo, hana aliyewahi kumwita. Kwa njia hiyo mtazamaji anaondolewa wasiwasi. Kumchukua kunakuwa wema mtupu, kwa sababu hakuna aliyenyang'anywa. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya kazi hii, nayo ni ya maudhui, si ya fani.

Sasa nimlete mbwa wangu, maana bila yeye hoja yangu itaonekana ni kijicho cha mtu wa nchi maskini. Anaitwa Bruno. Alizaliwa Romania, akaokotwa mitaani, akachukuliwa na familia moja ya Kijerumani. Familia hiyo ilipokuja kufanya kazi Mbeya ilikuja naye, akiwa na cheti cha afya, cheti cha chanjo na kibali cha kuingizwa nchini. Kutoka Dar es Salaam alipanda gari, akaiona Mikumi kupitia dirishani, akatapika katika kona za Kitonga. Mkataba wao ulipokwisha, mbwa alikuwa na umri mkubwa na moyo wake haukuwa imara. Waliogopa safari ingemuua. Nilikuwa nikiwafundisha Kiswahili, na Bruno alikuwa akilala juu ya miguu yangu wakati wa somo. Wakaniomba nimchukue. Ni mwaka wa nne sasa.

Nilitaka kujua kwa nini Romania ina mbwa wengi wasio na makao, na jibu lilinirudisha kwenye swali la jirani yangu. Katika miaka ya 1980, wakati wa utawala wa Ceaușescu, nyumba nyingi za Bucharest zenye nyua zilibomolewa, na watu wakahamishiwa katika majengo ya ghorofa. Mbwa hawakuwa na nafasi humo. Waliachwa mitaani, wakazaana. Mwezi Septemba 2013 mtoto wa miaka 4 aliuawa na mbwa mjini humo, na mwezi huo huo bunge likapitisha sheria iliyoruhusu mbwa waliokamatwa kuuawa iwapo hakuna aliyewachukua katika siku 14 za kazi. Basi ndipo watu wa Ujerumani na kwingineko wakazidi kuwachukua. Kwa hiyo mababu wa Bruno walikuwa na wenyewe. Walikuwa na ua na bakuli. Kilichowafanya wawe wa mtaani ni amri iliyobomoa nyumba. Kitabu kinachoanza na mbwa aliye tayari mtaani kinaanza hadithi katikati, nacho kinatuficha mtu aliyelia siku ya kuhama.

Kasoro ya pili ni kwamba filamu inakoma pale ambapo maisha na mbwa yanaanza. Mbio zimepewa muda wote. Kuishi pamoja kumepewa dakika za mwisho, zenye muziki. Lakini aliyewahi kumpokea kiumbe aliyetoka mbali anajua kwamba siku ya kuwasili ndiyo nyepesi kuliko zote.

Bruno alipohamia kwangu alikuwa akisikia Kijerumani tu. Nilimwita kwa Kiswahili akanitazama kama karani anavyomtazama mtu asiye na fomu. Alikataa ugali siku mbili; siku ya tatu ukachanganywa na dagaa, akakubali. Aliogopa ufagio. Hata leo mtu akifagia uwanja yeye huenda nyuma ya tangi la maji, nami sijui ni nani aliyempiga na ufagio, Bucharest au wapi. Malori yakipiga honi barabarani hatingishiki, lakini radi za mwezi Desemba humtetemesha hadi meno yanagongana. Nimekaa naye usiku mwingi wa mvua, mkono wangu juu ya ubavu wake, nikisikia moyo ule mgonjwa ukienda mbio. Hakuna filamu inayoonyesha saa hizo, kwa kuwa hakuna kinachotokea.

Tena yako ya majirani. Watoto walimwita Mzungu, na walistaajabu kwamba Mzungu anafukua mashimo. Rafiki yangu mmoja, Mwislamu, husimama langoni na kuita, "Hodi, mwalimu! Mfungie kwanza ndugu yako!" Nami humfungia, kwa kuwa mate ya mbwa kwake ni najisi, na chombo kilicholambwa yampasa kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa watu wa pwani methali inasema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Huo si ukatili kwa mbwa. Ni mpaka, na mtu anayefuga mbwa katikati ya watu hana budi kuujua. Wengine walinung'unika kwamba mwalimu amestaafu na sasa anamnunulia mbwa dawa za moyo wakati wapo watu wasio na dawa. Neno hilo ni zito. Sikuwa na jibu la kulimaliza, wala sina leo. Kitabu cha Lindnord kimeandikwa mahali ambapo neno hilo halisemwi kwa sauti langoni, na msomaji wa huku atalihisi pengo hilo katika kila ukurasa unaotaja gharama.

Ili niwe mwadilifu, nitaje kwamba Lindnord hakuishia kwa mbwa mmoja. Alianzisha taasisi yenye jina la Arthur kuwasaidia mbwa wa mitaani wa Ecuador. Hilo ni jema, nalo linaonyesha kwamba mwandishi mwenyewe aliona mbali kuliko filamu yake. Ndege moja humchukua mbwa mmoja. Kichaa cha mbwa, kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia. Na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa ugonjwa hukatika. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Siku kama hizo chanjo zinapotolewa, ukiona foleni ya watoto na mbwa wao waliofungwa kwa kamba za katani na vipande vya kanga, utakuwa umeona hadithi ya mbwa isiyo na mhusika mkuu mmoja. Bado haijapata mwandishi.

Zipo hadithi nyingine ambazo filamu za aina hii hazizigusi. Mwezi Mei 2005, mjini Nairobi, mbwa jike alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa msituni, akambeba hadi kwa watoto wake. Mtoto akapona. Mbwa yule akapewa jina la Mkombozi. Hapo mwokozi ni mbwa, na mwokolewa ni binadamu. Vilevile, katika eneo la Grumeti, magharibi mwa Serengeti, kipo kikosi cha mbwa wa kunusa pembe, nyamapori na silaha, kilichoanzishwa kwa msaada wa shirika la Working Dogs for Conservation la Marekani. Shirika hilo hutafuta mbwa katika makazi ya wanyama walioachwa, hasa wale wasiotulia nyumbani kwa sababu ya nguvu nyingi. Mbwa aliyeshindikana sebuleni Marekani anafanya kazi na askari wa wanyamapori wa Kitanzania. Msafara umegeuka: yeye ndiye aliyevuka bahari kuja huku, na anayemlisha, kumfundisha na kumjua tabia ni kijana wa hapa. Ningependa kusoma kitabu cha kijana huyo.

Mwaka jana ile familia iliniandikia. Watoto wao, ambao sasa ni wakubwa, walikuwa wakimuulizia Bruno. Walitaka kujua kama ningekubali arudishwe nyumbani, nao wangelipa kila kitu. Niliisoma barua mara kadhaa, na neno lililonisimamisha ni "nyumbani". Nyumbani ni wapi kwa mbwa aliyezaliwa Bucharest, akafunzwa Ujerumani, na anayejua saa ya buchani Iyunga? Nilimwonyesha jirani yangu mfuga kuku. Akaniuliza lile lile swali lake, safari hii kwa kunitania: "Sasa mwalimu, mwenyewe ni nani?"

Niliwajibu kwa adabu, maana wao walimwokoa na kifo, nami sikufanya hivyo. Niliwaeleza hali ya moyo wake, na maneno ya daktari wa mifugo kwamba asisafirishwe. Niliwaambia pia kwamba watoto wa mtaa siku hizi hawamwiti Mzungu. Wanamwita Mwaibruno, kwa kumpa "Mwa" ya koo za Wanyakyusa. Wakaelewa. Kila Septemba hutuma fedha ya chanjo, nasi huchanja mbwa wa majirani watatu pamoja naye. Mtu akiniuliza leo mwenye mbwa ni nani, orodha yangu ni ndefu, na yule aliyempoteza zamani huko Romania yumo.

Orodha hiyo ndiyo inayokosekana katika Arthur the King. Kama burudani, filamu inafaa kutazamwa na familia nzima. Watoto watajifunza kwamba mnyama huhisi njaa, maumivu na uaminifu, na somo hilo tunalihitaji katika nchi ambako bado mbwa hupigwa mawe kwa mchezo. Kama ushuhuda wa maisha na mbwa aliyetoka ng'ambo, ni kazi pungufu. Imemwona mbwa na aliyemchukua, lakini haikugeuka nyuma kuona alikotoka, wala haikukaa naye usiku wa radi. Anayetaka kuisoma aisome. Lakini akifika pale nyama inaporushwa, asimame kidogo, aulize kama alivyouliza jirani yangu.